Nilipopimwa kwa Mizani ya Ng'ombe

Kutoka Voi hadi Garissa nilisafiri siku mbili, na kila basi nililopanda nilikata tiketi ya viti viwili, kwa sababu kimoja hakikunitosha. Jana yake tulikuwa tumemzika mama yangu. Nasema "tulikuwa," lakini mimi kaburini sikufika. Kwetu ni juu kwenye milima ya Taita, mahali ambapo gari huishia barabarani na mtu humalizia kwa miguu, kwenye kijia kinachopanda kati ya migomba. Nilijaribu. Nilipanda hatua kama thelathini, nikashika mti, macho yakaingia giza. Wajomba wakanirudisha chini polepole, wakapachika viti viwili vya plastiki kimoja ndani ya kingine ili visivunjike, wakanikalisha kando ya barabara na kwenda kumzika mama.

Nyimbo nilizisikia kutoka chini. Mama mmoja jirani akanionea huruma, akaniletea sahani ya wali na nyama. Nikala. Wenzangu wakifukia kaburi, mimi nilikuwa nakomba sahani kwa kidole. Dada yangu Wakesho aliposhuka, mikono ikiwa bado na udongo, aliikuta sahani tupu mapajani mwangu. Aliichukua, akaenda kuiosha. Afadhali angenitukana.

Asubuhi niliondoka kabla matanga hayajaanza vizuri. Nimekuwa mtu wa kuondoka maisha yangu yote. Nilimaliza kidato cha nne nikaondoka nyumbani, nikaishi Mariakani, Kitale, Lodwar, Isiolo. Nilioa Kitale, na huko pia niliondoka. Safari hii nilichagua Garissa kwa sababu niliwahi kupita huko nikiwa na miaka ishirini, utingo wa lori la bidhaa lililokuwa likienda Liboi mpakani. Wakati huo niliweza kudandia lori likiwa linatembea na kulala juu ya magunia nikitazama mawingu. Katika miji yote niliyopita, huo ndio niliokumbuka kwamba nilikuwa mwepesi ndani yake. Nadhani nilikuwa narudi kumtafuta yule kijana.

Karibu na daraja la Mto Tana basi lilisimama kwenye kizuizi. Hapo kila abiria hushuka na kitambulisho mkononi, hupanga foleni, hukaguliwa, hutembea hadi mbele, kisha hupanda tena. Wazee walishuka. Mama aliyebeba mapacha, mmoja mgongoni na mmoja kifuani, alishuka. Askari akaingia ndani, akanitazama, akatazama mlango wa basi.

"Wewe kaa tu, mkubwa. Lete kitambulisho."

Akasoma, akanirudishia. Basi likasogea taratibu nikiwa peke yangu ndani, na kupitia dirishani nikawaona wenzangu wote wakitembea juani kwa mstari, wakipiga soga, wakilalamikia joto. Nilikuwa na miaka arobaini na tatu. Ndivyo nilivyoingia Garissa.

*

Nilipata kazi kwenye karakana ya kusuka mota za pampu za visima. Ni kazi ya kukaa. Mota huja zimeungua kutoka Eldas, kutoka vijiji ambavyo sitaviona, na mimi nakaa kwenye benchi kutwa nzima nikizungusha waya wa shaba. Chumba nilipata mtaa wa Waberi, kwenye kiwanja cha mjane mmoja aitwaye Mama Nasteha. Nasteha mwenyewe, bintiye, ameolewa Wajir. Mama yake alikuwa peke yake na mimi nilikuwa peke yangu, kwa hiyo tulikubaliana anipikie.

Hakuna mji ulionipokea kwa mwili wangu kama ule. Voi watoto walinicheka. Garissa watu waliniita Fundi Buuran, yaani Fundi Mnene, bila kunitukana, kama wanavyomwita mwingine Mrefu au Kengeza, na yeye mwenyewe huitika. Wanawake waliokuja kumtembelea Mama Nasteha walinitazama nikikaa kwenye viti vyangu viwili, wakasema, "Maasha Allah," na yeye akajaa fahari. Kwa watu waliolelewa na mifugo, mnyama aliyenona ni sifa kwa anayemchunga. Mimi nilikuwa sifa yake.

Alinipa anjera, zile chapati laini za maji, kwa samli na sukari asubuhi, wali na mbuzi na ndizi mchana, baasto jioni, yaani tambi zenye nyama ya kusaga. Chai ya maziwa ya ngamia ilikuja vikombe vinane kwa siku, kila kimoja vijiko vinne vya sukari. Simlaumu. Baada ya vyakula vyake mimi nilikuwa napita kibandani na kununua soda na maandazi, nikala chumbani mlango ukiwa umefungwa. Ningependa wasomaji wenye mwili kama wangu wanielewe hapa. Sikuwa na njaa. Kula ndiko kulikuwa kunanizungumzisha. Kikiisha chakula, chumba kinanyamaza.

Mwili ulikuwa unabadilika na mimi naangalia pembeni. Suruali ziliacha kufungika, nikahamia kwenye kikoi. Mapaja yalisuguana hadi yakatoka damu. Chini ya tumbo ngozi ilikuwa mbichi muda wote kwa jasho, na harufu yake niliijua mimi kabla ya mtu mwingine. Miguu ilivimba, ukibonyeza kidole shimo linabaki. Viatu sikuwa nafunga tena, kwa sababu sikuwa navifikia.

Halafu katika jilaal, kile kiangazi kirefu cha mwanzo wa mwaka, niliinama kuokota bisibisi, na kitu kikatoka kwenye kitovu. Kilikuwa laini, ukubwa wa limau. Nikilala kinarudi ndani, nikisimama kinatoka. Nilikaa nacho hadi mvua za masika, zile wanazoziita Gu. Kufika hapo kilikuwa chungwa.

*

Hospitalini nilikwenda na kiti changu kutoka nyumbani. Naliandika hili kwa ajili ya yule anayeogopa kwenda kwa sababu ya benchi: nenda na kiti chako. Nilifika alfajiri, nikakaa mwisho wa ukumbi karibu na feni isiyozunguka. Watu walikuja, wakaona nafasi kando yangu, wakachagua kusimama.

Muuguzi aliitwa Sista Fardosa. Kitambaa cha presha hakikuzunguka mkono wangu, akaenda kutafuta kile cha kupimia paja. Kisha akanipandisha kwenye mizani. Mshale ukakimbia hadi mia na hamsini, ukagonga chuma, ukatulia hapo ukitetemeka.

"Shuka, Fundi, panda tena," akasema, kama vile nilikuwa nimepanda vibaya.

Ukagonga tena.

Daktari alikuwa kijana mwembamba mwenye sauti ya chini. Akalibonyeza lile chungwa, akaniambia ni ngiri ya kitovu, utumbo unatoka nje kupitia pale palipolegea. Dawa yake ni kupasuliwa.

"Basi nipasue," nikasema.

"Siwezi. Ukiwa hivi, dawa ya usingizi inaweza kukulaza moja kwa moja. Na ukiamka, tumbo lote hilo litafumua mshono. Rudi ukiwa chini ya mia na thelathini."

"Nikichelewa?"

"Siku ikitoka ikagoma kurudi, ikawa ngumu, ukaanza kutapika, hiyo ni saa yako. Usingoje kesho. Na omba siku hiyo isije kabla hujapungua."

Kwa hiyo nilikuwa na mambo mawili yanayokimbizana tumboni, kilo kwenda chini na utumbo kuja nje, na mimi katikati. Nikamuuliza nitajuaje kilo zangu na mizani yao imefika mwisho. Akamtazama Sista Fardosa, Sista akatazama sakafu.

"Kuna moja soko la mifugo," akasema Sista taratibu. "Usikasirike, Fundi. Baba yangu huuza ng'ombe huko. Ni mizani nzuri."

*

Nilikaa wiki tatu kabla ya kwenda. Nilipokwenda, nilisubiri siku isiyo ya mnada, lakini soko lile halikosi watu. Mizani ni ubao mpana wa chuma wenye vizuizi kila upande, ili fahali asitoke. Mtu wa pale alikuwa dalali wa makamo, ndevu zimetiwa hina, jina lake Dubow. Nilimweleza shida yangu kwa sauti ya chini. Yeye akanijibu kwa sauti ya kuuzia ng'ombe.

"Warya! Fungua hapo! Fundi nataka bima!" Kupima, alimaanisha; kwa watu wa pale p mara nyingi hugeuka b.

Vijana wa soko wakaja. Mmoja akauliza, "Huyu anakwenda Nairobi ama Mombasa?" kwa maana ng'ombe wa pale huenda kuchinjwa huko. Wakacheka sana. Nilitaka ardhi inimeze. Lakini Dubow alininyooshea kidole nisipande kwanza. Akazunguka nyuma yangu, akanikamata nyama za mgongo juu ya kiuno, pale pale ambapo dalali humkamata fahali kujua kama amenona kweli au amejazwa maji. Akafumba macho.

"Mia moja sabini na moja."

Nikapanda. Mia moja sabini na mbili.

"Ametembea na kikombe ya chai tumboni," akasema Dubow, na safari hii hata mimi nilicheka. Ilikuwa miaka mingi tangu mtu aniguse bila kutaka kunisaidia au kunikwepa. Alinigusa kama kitu chenye uzito wa kujulikana, basi.

Nikawa naenda kila baada ya wiki nne. Huo ndio ukawa mwezi wangu. Nilimwambia Mama Nasteha daktari ameagiza maharagwe, mboga za majani, supu ya nyama iliyochemshwa, chai ya rangi bila sukari. Alinisikiliza akinitazama kama mtu anayesoma barua ya kufukuzwa.

"Hii ni chakula ya mfungwa," akasema.

"Ndiyo dawa, mama."

"Haye," akajibu, yaani sawa.

Kibandani niliacha kupita. Hilo lilikuwa gumu kuliko yote, na sitamdanganya mtu. Jioni nilikuwa natembea badala yake. Siku ya kwanza nilifika nguzo ya nne ya stima, nikaketi chini. Baada ya wiki nguzo ya saba. Hakuna aliyetembea na mimi. Mji wote ulikuwa umekaa mbele ya nyumba ukinywa chai, na kila mlango niliopita niliitwa, "Fundi, karibu chai," na kila mlango nilisema hapana. Mgeni anayekataa chai mlango baada ya mlango, mwisho haitwi tena. Wakaacha kuniita. Nilikuwa napungua na watu wananipungua.

Mia sitini na sita. Mia sitini na moja. Mia hamsini na sita. Kila mara Dubow alinikamata mgongo kwanza na kukisia, na hakukosea kwa zaidi ya kilo mbili.

Nilimpigia Wakesho nimwambie. Tangu mazishi tulikuwa tumezungumza mara mbili.

"Mia hamsini na sita," nikasema.

"Nani amekuuliza?"

"Nilidhani utafurahi."

"Kaka, mimi napanda huku juu kila Jumapili kung'oa nyasi kaburini. Siku utakapong'oa hata unyasi mmoja, niambie hiyo."

Akakata. Nikatembea hadi nguzo ya kumi na tisa, jua likiwa bado kali.

*

Mwezi wa nne nilipanda mizani kwa madaha. Mia na sitini.

Nilidhani imeharibika. Dubow alikuwa amekisia mia na sitini kabla sijapanda, lakini hakunicheka. Nilirudi nyumbani nikapunguza chakula nusu. Mwezi uliofuata nilikuwa mia sitini na mbili. Nilikuwa nalala na njaa, natembea nguzo thelathini, na napanda. Anayejua upweke wa kufanya kila ulichoambiwa na mwili ukakukana, huyo ndiye ninayemwandikia.

Siku nne baadaye, baada ya swala ya alasiri, nilipiga chafya nikiwa kwenye benchi ya kazini, na ngiri ikatoka ikagoma kurudi. Ikawa ngumu kama jiwe. Nikaanza kutapika. Wenzangu wanne walinipakia kwenye pikipiki ya magurudumu matatu ya kubebea maji, kwa sababu hakuna gari lililokuwa karibu ambalo ningeingia. Nikapita katikati ya Garissa nimelala kati ya mapipa, nikitazama mawingu, na nikamkumbuka yule utingo juu ya magunia. Nilidhani ndiyo mwisho wa safari yake.

Daktari alinilaza, miguu juu, akanichoma dawa, akabonyeza kwa viganja viwili kwa muda ambao sijui ulikuwa mrefu kiasi gani. Mwisho ikateleza ndani. Jasho lilikuwa linamtiririka hata yeye.

"Umepungua?" akauliza.

"Nimepanda. Lakini nakula maharagwe tu, daktari."

Akaandika kitu. Hakuniamini, na sikumlaumu. Kila mnene husema anakula maharagwe tu. "Safari nyingine haitarudi," akasema. "Itabidi nikupasue hivyo hivyo, na sitaki."

Kutoka hospitalini nilikwenda moja kwa moja kwa Dubow. Sikujua mwingine wa kumwendea. Nikamwambia sitaki mizani, nataka mkono wake. Akanikamata mgongo, akakaa hapo muda, akafinya, akaachia, akafinya.

"Fundi, dume ikiongeza kilo wakati wa kiangazi, sisi hatuulizi dume. Tunauliza nani anaibatia chakula." Akajipangusa kiganja kwenye kikoi chake. "Hii si ya maharagwe. Hii ni ya samli. Nani anakubikia?"

*

Nilimkuta Mama Nasteha jikoni, mgongo wake kwangu. Sufuria ya maharagwe yangu na ya supu zilikuwa mekoni. Pembeni kulikuwa na kopo la samli, limefunguliwa, na kwenye sahani kipande cheupe cha mafuta ya nundu ya ngamia, nusu yake imeshakatwa. Alikuwa anakiyeyusha ndani ya supu yangu, anakoroga taratibu ili yasielee.

Nilikuwa nimeona maharagwe yake yakizidi kuwa matamu. Nilidhani ni njaa.

"Mama."

Aligeuka, mwiko mkononi. Hakuficha chochote.

"Mama, hii inaniua."

"Hii?" Akainua kopo. "Hii nakuua? Wewe umeangalia uso yako? Nguo nakuanguka. Shingo imekuwa ya kuku. Wanawake wa mtaa wamekuja hapa kunipa bole. Mmoja ananiuliza, mpangaji yako ako na TB ama ako na ile ingine? Mgeni wangu nakonda kwa nyumba yangu, mimi nitasema nini kwa watu? Nitasema nini kwa Mungu?"

"Daktari ndiye aliyesema nipungue."

"Daktari!" Akaketi juu ya kigoda. "Baba Nasteha alikuwa mkubwa kama wewe. Alikuwa na duka barabara ya Liboi. Alianza kukonda, akasema ni joto tu. Alikonda, akakonda, mwisho mimi peke yangu namgeuza kwa mkono moja. Alikufia kwa chumba unalala. Mimi nimeona mtu nakonda kwa hiyo chumba, Fundi. Najua inaenda wapi. Wallahi sikuwa natia sumu. Nilikuwa nakushikilia."

Miezi yote ile nilidhani niko peke yangu, na mtu alikuwa ananishikilia kwa kopo la samli, ananivuta upande ule ule ninaokimbia.

Nilimpigia simu Sista Fardosa, nikampa yeye. Waliongea Kisomali kwa muda mrefu. Nilimwona akishika tumbo lake kwa mkono, akiuliza, akiuliza tena. Alipomaliza alinirudishia simu bila kunitazama, akachukua sufuria zote mbili, akatoka nje, na kuwamwagia mbuzi.

"Wao wanenepe," akasema.

Kesho yake jirani mmoja alikuja na lile swali la TB machoni. Mama Nasteha alinimiminia chai ya rangi mbele yake, bila kijiko, akaiweka mezani kwa kishindo.

"Ndiyo, nakonda. Mimi ndiyo namkondesha. Uko na shida?"

Mwanamke yule alisimulia mtaa mzima kwamba Mama Nasteha amekuwa bahili uzeeni, anamnyima mpangaji sukari. Mama Nasteha mwenyewe alijua watasema hivyo. Sifa yake yote katika mtaa ilikuwa ukarimu wa mkono wake, na aliitoa pale mbele yangu. Sijawahi kupewa kitu kikubwa kama kile.

*

Zilipita mvua fupi za Deyr, ikapita Ramadhani, ambayo nilifunga pamoja na Mama Nasteha ingawa si dini yangu, na kufuturu tende tatu alizozihesabu yeye. Mia hamsini na tatu. Mia arobaini na saba. Ngozi ya mikono ikaanza kuning'inia kama nguo ya mtu mwingine. Uso ukatoa mifupa ambayo sikuijua. Magoti yaliendelea kuuma. Hayo yameshaharibika na hayatarudi. Nilikuwa natembea na mkono umeshika kitovu, kama mama mjamzito, nikiogopa kila chafya. Ngiri ilitoka mara mbili zaidi na mara mbili ikarudi yenyewe. Mara ya pili nilisubiri nimelala chali sakafuni, na Mama Nasteha nje ya mlango akisoma Kurani kwa sauti ili nijue yupo.

Mia thelathini na tisa. Mia thelathini na nne. Siku moja katika jilaal iliyofuata, Dubow alinikamata mgongo akaachia mara moja.

"Nenda kwa mizani ya watu," akasema. "Hapa umemaliza."

Kwa Sista Fardosa mshale ulipanda, ukapunguza mwendo, ukasimama kwenye mia ishirini na tisa. Ulisimama hewani, haukugusa chuma. Hakuna aliyepiga makofi. Sista aliandika namba ile, kisha akapigia mstari chini yake.

Kwenye fomu ya upasuaji kuna mahali pa jina la ndugu wa karibu. Niliandika Wakesho. Sista akampigia mbele yangu, akaeleza, akasikiliza, akacheka kidogo.

"Anasemaje?"

"Anasema nikuambie usife kabla hajamalizana na wewe."

Hakuja. Nilipoamka, koo likiwa kavu na tumbo likiwaka moto, aliyekuwa kando ya kitanda ni Mama Nasteha na chupa yake ya chai. Alikuwa amekalia kiti changu, kile nilichokuwa natoka nacho nyumbani. Mimi sikukihitaji tena kusubiria.

*

Sikupona kila kitu. Mwandishi wa habari kama hizi hupenda kusema amezaliwa upya. Mimi ni yule yule, na leo nina kilo mia ishirini na mbili. Dawa ya presha nameza kila asubuhi. Jioni chumba kikinyamaza, bado mguu unajua njia ya kibandani. Ninachoweza kumwambia mwenzangu ni hiki tu: ukiona kilo zinakukana, usijitukane kwanza. Angalia nani anakupenda, na anakupendaje, kisha ongea naye. Sikufanya hivyo miezi mitano, na nusura inizike.

Daktari alisema nisubiri miezi sita kabla ya kubeba kitu kizito au kupanda mlima. Iliisha mvua za Gu zikiwa zimeshapita. Karakana nikaaga. Kwa Dubow nilipita siku ya mnada, kelele tupu, akanikamata mgongo mbele ya wanunuzi wote.

"Hii hakuna mtu atanunua," akatangaza. "Beleka nyumbani kwao."

Mama Nasteha alinisindikiza hadi stendi. Hakulia, na alinikataza kumshukuru. Alinipa chupa ya chai na kunisimamia nionje mbele yake. Ilikuwa ya rangi, bila sukari, tangawizi tupu.

"Huko kwenu watasema umekonda," akasema. "Waambie ni Mama Nasteha."

Nilimpigia Wakesho kutoka dirishani mwa basi. Nilimwambia Jumapili nitakuwa juu, aniachie nyasi.

"Upande wa kushoto ndio zimezidi," akasema. "Sitagusa."

Sikuwa na kilo za kuniaibisha kama zamani, na nilikata tiketi ya kiti kimoja, lakini nikakijaza chote, na jirani yangu akanung'unika. Basi likatembea dakika chache likafika darajani, likasimama. Watu wakaanza kuinuka, vitambulisho mikononi. Nikabaki nimekaa. Ilikuwa mazoea, nilikuwa nangojea askari aingie aseme nikae tu. Akaingia. Akanitazama, akapiga kiti cha mbele yangu kwa kiganja.

"Mzee, unangoja nini? Shuka, shuka, wenzako wako kwenye foleni."

Nikashuka. Ngazi tatu, nimeshika chuma, goti likilalamika. Jua lilikuwa la saa tano. Mbele yangu kulikuwa na bibi mwenye kikapu, nyuma yangu mtu aliyekuwa anagombana kwenye simu. Foleni ilikuwa ndefu na haikusogea. Bibi aligeuka akaniambia joto la leo si la kawaida, na mimi nikamwambia kweli, si la kawaida. Kando yetu basi lilipita taratibu, tupu, bila mtu ndani.